Raundi ya gofu peke yangu kwenye kiwanja cha wanakijiji: Uskoti wameweza, kwetu inakwama wapi?

#1 Mkokoteni

Wakuu salaam.

Naishi Glasgow. Likizo ya mwezi wa sita nilipanda meli Mallaig nikashuka Lochboisdale, kisiwa cha South Uist, magharibi kabisa mwa Uskoti. Nikacheza mashimo 18 ya kiwanja cha gofu cha Askernish peke yangu. Nasema peke yangu nikimaanisha hivyo hivyo: kedi (mbeba begi la fimbo) hakuna, mwenza hakuna, mkokoteni wa fimbo navuta mwenyewe.

Kilichonileta hapa si mchezo. Ardhi ya kile kiwanja ni ya wanakisiwa wenyewe. Mwaka 2006 walichangishana, wakatafuta ruzuku, wakanunua eneo lote kutoka kwa matajiri waliokuwa wakilimiliki kwa ajili ya uwindaji na uvuvi wao: eka 93,000, pauni milioni 4.5. Wakaunda kampuni yao, Stòras Uibhist, ndiyo mwenye ardhi mpaka leo. Watu wa kisiwa kizima hawafiki elfu mbili. Hakuna geti wala ukuta, na hakuna askari wa kukuuliza umealikwa na nani. Bahari iko upande mmoja, mashamba upande mwingine.

Shimo la 7 unapiga juu ya vilima vya mchanga huku upepo wa Atlantiki unakusukuma mgongoni, lile la 16 grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo) imekaa juu kama mimbari, mpira ukifika mfupi unarudi miguuni pako. Nilimaliza kwa mapigo 79, kabla ya siku hiyo sijawahi kushuka chini ya 80 maishani.

Swali langu: kiwanja cha gofu cha kijiji kwetu kinashindikana wapi? Ardhi, pesa, au sisi wenyewe?

#2 ChaiYaRangi

79, peke yako, kwenye upepo wa Atlantiki. Mkuu hii chai, lete na vitafunwa.

#3 KediMstaafu

Karibu. Nimebeba mabegi Moshi miaka mingi, nakwambia mchezaji akiwa peke yake mpira wake haupotei kamwe. Akiwa na wenzake watatu ndiyo unapotea.

Kisheria: tangu mfumo wa dunia wa handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) uanze 2020, alama za raundi ya peke yako haziingii kwenye rekodi. Lazima awepo angalau mtu mmoja mwingine. Hiyo 79 ni ya grupu la WhatsApp la ukoo.

#4 Mkokoteni

@KediMstaafu najua haiingii, wala sikuipeleka popote. Na mpira ulipotea mkuu. Nyasi za pembeni zinafika magotini, zina maua ya manjano na meupe, mpira mweupe ukidondoka humo ndiyo basi. Nikautafuta dakika zangu tatu, nikajiongezea pigo la adhabu, nikarudi kupigia palepale. Shahidi wangu sungura.

Ila swali ni kiwanja, siyo mimi.

#5 MzeeWaNandi

Mbona uende mbali hivyo? Njoo Nandi Hills, kuna Nandi Bears Club, mashimo 9, chai imekuzunguka pande zote. Au Njoro, mashimo 9 pia. Siku ya kazi asubuhi unaweza kumaliza raundi usione mchezaji mwingine. Viwanja vya shambani tunavyo bana.

#6 ArdhiNiMama

@MzeeWaNandi hivyo ni vilabu vya wanachama, mzee wangu. Vilianzishwa na walowezi wapate pa kunywea jioni, vikarithiwa na mameneja wa mashamba. Mtoto wa mchuma chai anaingia mle akiwa amebeba begi la mtu. Mleta uzi anazungumzia wenye ardhi ndio wenye kiwanja.

Kuhusu sheria: Tanzania tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha matumizi. Kenya wana Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Kwenye makaratasi kijiji chetu kina nguvu kuliko walivyokuwa nayo hao wa South Uist kabla ya 2006. Wao walikuwa wapangaji tu.

Mnaosifia mandhari mjue pia kwamba kile kisiwa kiliwahi kusafishwa watu. Katikati ya karne ya 19, Gordon wa Cluny aliwaondoa wapangaji wake kwa mamia, wakapakiwa melini kupelekwa Canada, kondoo wakachukua nafasi. Aliyeleta gofu 1891 ni Lady Gordon Cathcart, mjane wa mtoto wa huyo huyo Gordon, urithi ukiwa umemfikia yeye. Alimwita Old Tom Morris, mchezaji na mtengeneza viwanja maarufu, kutoka mji wa St Andrews aje kupima mashimo. Kwa hiyo kiwanja kilizaliwa kama starehe ya wageni wa mwenye shamba, tofauti kabisa na wanavyokitumia sasa. Watu waliofukuziwa babu zao ardhi wakiipata mikononi hawaiuzi kirahisi. Mimi jibu langu ni hilo: hasira.

#7 FundiSakafu

Hasira gani. Hesabu ni nyepesi: pale ni mchanga wa pwani, haulimiki, hawana cha kuufanyia, wakaweka gofu. Kwetu kila eka ina mahindi.

#8 NesiWaInverness

@FundiSakafu umekosea kaka. Ule mchanga ni wa makombe yaliyosagika, una chokaa, na ndiyo ardhi yao nzuri kuliko zote. Upande wa mashariki wa kisiwa ndio mawe na matope meusi ya mboji. Huko magharibi ndiko wanakolima shayiri na viazi, wakirutubisha kwa mwani wanaozoa ufukweni, na ndiko ng'ombe wao wanakokula majira ya baridi. Walitoa ardhi yenye faida, hawakutoa makapi.

Na haikupita kimya. Baadhi ya wakulima walikwenda mahakamani kudai kiwanja kinaingilia haki zao za malisho. Mleta uzi asituonyeshe kisiwa cha malaika.

#9 FundiSakafu

Sawa dada, nimesoma. Lakini mboji haipigiwi gofu, kwa hiyo nusu ya hoja yangu imebaki.

#10 LaigwananiWaMtandaoni

Hapo kwenye malisho ndipo naingia mimi. Ng'ombe wangu akikanyaga hiyo grini, nani anamlipa mwenzake? Kwetu uwanja wa mpira wa shule tu tunagombana nao kila kiangazi.

#11 Mkokoteni

@LaigwananiWaMtandaoni pale mifugo ndiyo mashine ya kufyekea. Majira ya baridi ng'ombe na kondoo wanaingia, wanapunguza nyasi, wanaacha na mbolea yao. Majira ya joto wanaondolewa, watu wanacheza. Wanaotunza grini ni wachache mno. Siku ile nilimwona mmoja tu, amekaa juu ya mashine nyekundu, akanipungia mkono akaendelea.

#12 KediMstaafu

Na sheria za gofu zinamjua ng'ombe vizuri. Mpira wako umetulia, mnyama akausogeza: unaurudisha pale ulipokuwa, huna adhabu. Mpira uko hewani ukamgonga mnyama: unacheza pale ulipoangukia, iwe heri iwe shari. Shimo alilochimba mnyama: unatoka bure. Jinja walikuwa na kanuni yao, mpira ukiingia kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuuokota.

#13 ChaiYaRangi

@KediMstaafu na ng'ombe akiumeza?

#14 KediMstaafu

Unaweka mwingine palepale. Ng'ombe anabaki wa Laigwanani.

#15 LaigwananiWaMtandaoni

Mpira nitautoa, lakini fidia ya ng'ombe tutaongea.

#16 Makorongo

Kuna uongo mmoja mzuri kwenye huu uzi, niuseme kwa heshima. Hicho kiwanja sicho cha 1891. Cha Old Tom kilipotea. Miaka ya 1930 sehemu yake ikatumika kama uwanja wa ndege, baadaye wakabaki na mashimo 9 kwenye eneo tambarare. Mwaka 2005 mtaalamu wa nyasi, Gordon Irvine, akafika, akaonyeshwa yale mashimo 9, akayapuuza. Akapanda vilima vya mchanga akasema cha zamani lazima kilikuwa huku. Wakasafisha, mchoraji wa viwanja Martin Ebert akasaidia kupanga njia, kikafunguliwa 2008. Ramani ya mwaka 1891 haipo. Kwa hiyo wanachouza ni makisio ya watu wenye macho mazuri.

#17 Mkokoteni

@Makorongo sijasema ni cha Old Tom, aliyemtaja ni ArdhiNiMama. Lakini hata iwe makisio, walifanya kwa jembe na mashine za kawaida, tingatinga halikuhamisha vilima. Na dawa za kuua magugu hawapigi.

#18 ArdhiNiMama

Nilisema alikuja kupima mashimo 1891. Alikuja. Alikuwa na miaka 70, na alishachukua The Open, ubingwa mkubwa wa gofu wa Uingereza, mara nne: 1861, 1862, 1864 na 1867. Kilichobaki ardhini baada yake ni kesi nyingine.

#19 BintiMufindi

Jamani wote mnajadili ardhi, mimi niulize hili la "peke yangu". Nimekulia Mufindi, klabu ipo kule kwenye chai. Mimi mwanamke, niingie kwenye mashimo 9 yaliyozungukwa na misitu, ukungu umeshuka, hakuna mtu? Raha ya kucheza peke yako ni raha ya mtu ambaye hana sababu ya kugeuka nyuma. Mleta uzi hilo hukulihisi hata mara moja, ndiyo maana hujaliandika.

#20 Mkokoteni

Ni kweli dada, sikuliwaza. Nilikutana na mama mmoja wa makamo shimo la 3, yuko peke yake na mbwa wake, hachezi, anatembea tu. Pale ardhi ya shambani iko wazi kwa kila mtembeaji kwa sheria ya 2003, ilimradi usisumbue mchezo.

#21 MzeeWaNandi

@BintiMufindi unabeba kedi, basi. Hapo huwi peke yako.

#22 KediMstaafu

Umesema neno mzee. Huku kwetu raundi ya peke yako haijawahi kuwepo. Ukifika peke yako mnakuwa wawili, wewe na kedi. Ukiwa na uwezo mnakuwa watatu, kuna na kijana wa kutangulia kutazama mpira unaangukia wapi. Klabu nyingi hazikuruhusu hata kutoka bila kedi. Sasa mkileta kiwanja cha kijiji cha kujivutia mkokoteni, yule kijana aliyekuwa anapata hela ya unga pale getini anakwenda wapi? Wachezaji wengi wa kulipwa wa Afrika Mashariki walianza kwa kubeba mabegi. Kedi ndiye shule yetu ya gofu.

Enzi zangu kulikuwa na viwanja visivyo na grini, tulikuwa na brauni: mchanga uliochanganywa na oili chafu ya gari ili upepo usiupeperushe. Mchezaji akifika, kazi yangu ni kuburuta bomba la chuma kutoka kwenye mpira mpaka shimoni, moja kwa moja, nimtengenezee njia. Ukiburuta vibaya mpira unapinda, matusi yote yako. Jioni kaptula ina mistari ya oili ambayo sabuni ya mche haitoi. Hicho ndicho kiwanja cha kijiji, wakuu, hakikuhitaji maji wala mashine ya kufyekea. Mlikiua wenyewe mlipotaka kufanana na mnavyoviona kwenye runinga.

#23 Makorongo

@KediMstaafu nakubali kwa sehemu kubwa. Brauni bado zipo Australia vijijini na majimbo ya katikati ya Marekani, kwenye miji midogo ambayo wakazi wenyewe wanaendesha kiwanja. Maji ndiyo kiini. South Uist mvua inanyesha mwaka mzima, hawalipii tone. Dodoma utamwagilia grini na nini wakati mama anafuata ndoo kilomita kadhaa?

#24 FundiSakafu

Maji. Sasa hii ndiyo hoja. Hasira, hasira, nyasi hainywi hasira.

#25 MzeeWaNandi

Kwa kuongezea tu: nyasi ya Kikuyu imetoka nyanda zetu za juu, na leo viwanja vikubwa vya California kama Riviera vinaitumia kwenye njia zake. Nyasi imepata viza kabla yetu.

#26 TangaRaha

Wakuu mmesahau pesa. Mleta uzi, ulilipa kwa nani kama hapakuwa na mtu?

#27 Mkokoteni

Klabu walikuwepo, nililipa kabla ya kuanza. Baada ya hapo hakuna aliyenifuatilia. Ningeweza kuzunguka tena, maana jua mwezi wa sita linazama baada ya saa nne usiku.

#28 NesiWaInverness

Kisiwa cha Harris, kaskazini ya hapo, kuna kiwanja cha mashimo 9 kando ya ufukwe wa Scarista. Pale kuna sanduku. Unaingiza pesa, unachukua kadi, unacheza. Nick Faldo, bingwa wa The Open, alicheza pale mwaka 1991 akatumbukiza noti ya pauni 5 aliyoitia sahihi. Noti haikutumika, wakaifanya kitu cha kushindania. Ila Jumapili usithubutu, watu wa Harris wanashika sana siku ya Bwana. South Uist ni Wakatoliki, wana mtazamo mwingine.

#29 ChaiYaRangi

Kwetu sanduku lingechezewa raundi moja, ya pili mngecheza bila sanduku.

#30 SheikhWaMalindi_Unguja

@ChaiYaRangi usiwatukane watu wote kwa tabia za mtaa wako. Unguja mpaka leo, mwenye duka akiitwa na adhana anaweka fimbo mlangoni au anateremsha pazia, anakwenda kusali. Bidhaa ziko nje na hakuna anayegusa. Baba yangu akifanya hivyo, na Muscat nilipokaa nikayaona hayo hayo. Uaminifu hauna uhusiano na Uskoti. Uhusiano wake ni kujuana. Pale Harris ukila pesa ya sanduku, jioni mama mwenye nyumba uliyopanga ameshapata habari.

#31 ChaiYaRangi

Samahani sheikh. Kwa hiyo kiwanja tukiweke Unguja, ila watu wasali mara tano na mashimo yawe 9.

#32 TangaRaha

Mimi nasema tatizo ni mwenyekiti. Kijijini kwetu uwanja wa mpira ulipungua goli moja, mwaka uliofuata kukawa na msingi wa nyumba kwenye kona, sasa watoto wanachezea barabarani. Muhtasari wa mkutano wa kugawa hatujawahi kuuona. Huo ni mpira wa miguu, mchezo ambao kijiji kizima kinaupenda. Gofu ambayo hakuna anayeijua, eneo kubwa kama lile, litadumu?

#33 ArdhiNiMama

@TangaRaha sheria inakupa haki ya kudai ule muhtasari. Unadai kwa ofisa mtendaji wa kijiji.

#34 TangaRaha

Ofisa mtendaji ndiye mwenye nyumba ya kwenye kona.

#35 LaigwananiWaMtandaoni

😂😂😂

#36 Makorongo

Turudi kidogo. Mfano bora kuliko Askernish ni St Andrews kwenyewe. Old Course, kiwanja cha zamani cha pale, si ya klabu yoyote. Ni ardhi ya umma, inasimamiwa na taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 1974. Jumapili wanafunga gofu, watu wanapita na watoto na mbwa kama bustani ya mji. Na mchezaji wa peke yake alikuwa na foleni yake pale: watu walikuwa wanalala nje usiku kucha wakisubiri kuunganishwa na kikundi chenye nafasi.

Kuna jambo wachezaji wapya hawalijui. Kanuni za adabu za zamani zilisema mchezaji wa peke yake hana hadhi yoyote kiwanjani, apishe kila kikundi. Hilo likaondolewa 2004, sasa kinachoangaliwa ni kasi. Kwa hiyo @BintiMufindi ukicheza peke yako mtu asikuambie subiri.

#37 BintiMufindi

Ahsante kaka. Hadhi ninayo, usalama ndio sina.

#38 NesiWaInverness

Nami nina maelezo yangu kwa nini Askernish imesimama, na sijaona aliyeyataja: wageni. Walivyotangaza kwamba kiwanja cha Old Tom kimepatikana, Wamarekani wakaanza kuvuka bahari, wengine wakanunua uanachama wa maisha bila hata kuishi Uskoti. Tuseme basi kijiji kina ardhi, pesa inatoka nje. Ikiwa ramani ni makisio kama alivyosema Makorongo, basi ni makisio yanayolipa mishahara.

#39 ArdhiNiMama

Pesa za wageni zilikuja baada ya ardhi kuwa yao. Kabla ya hapo wageni walikuja pia, pesa ikaenda kwa mwenye shamba.

#40 FundiSakafu

Na mvua ilikuwepo kabla ya wote.

#41 KediMstaafu

Nimefikiria hili la ushahidi usiku. Kanuni inasema uwe na angalau mtu mmoja mwingine, naye anaweza kuwa mwekaji alama. Haijasema lazima awe mchezaji. Sasa kedi si mtu? Mzungu akija Moshi peke yake, nikambebea mashimo yote, nikaona kila pigo, akapiga 79, alama ile inaingia. Mkokoteni akicheza Askernish, hiyo hiyo 79 haiingii.

#42 Makorongo

Si rahisi hivyo. Mwekaji alama anasaini kadi, na kamati ya klabu ndiyo inayoamua nani anafaa. Kedi analipwa na mchezaji. Kamati nyingi zitakataa.

#43 KediMstaafu

Kamati imejaa watu niliowabebea. Najua mipira yao ilivyokuwa inajirudisha kwenye njia yenyewe. Wakatae mbele yangu.

#44 MzeeWaNandi

Klabu yetu katibu aliwahi kupokea kadi iliyosainiwa na kedi. Mwingine aliyekuja baada yake akakataa. Inategemea nani yuko zamu.

#45 Mkokoteni

Kwa hiyo ningemlipa yule mama mwenye mbwa?

#46 BintiMufindi

Hakuwa anakutazama. Alikuwa anatembea.

#47 Mgeni_Kibaha

Habari za humu. Nimesoma wote kuanzia juu, nimepata hamu ya kuanza. Mimi natumia mkono wa kushoto. Fimbo za mtumba Dar naweza kupata wapi, na seti ni bei gani?

#48 KediMstaafu

Wa kushoto utahangaika. Nenda Lugalo uongee na makedi, wao ndio wanajua nani anauza. Usinunue seti nzima, huna haja ya fimbo 14. Tafuta namba 7, namba 9 na pata (fimbo ya kusukumia mpira shimoni), ucheze nazo mwaka. Bei usikubali ya kwanza.

#49 Mgeni_Kibaha

Shukrani mkuu. Na nikienda peke yangu wataniruhusu?

#50 KediMstaafu

Hutakuwa peke yako. Nitakupa namba ya kijana, nifuate inbox.